Kakamega, Mji Uliozaliwa na Dhahabu

Wakulima wengi wa skimu za Lugari huenda Kakamega kwa shughuli tu: kumpeleka mgonjwa hospitali, au kufuata habari za shamba ofisini. Shughuli ikiisha hupanda gari wakarudi. Lakini mji huo zamani ulikuwa mji wa dhahabu, na kandokando yake mna mambo ambayo wageni huvuka bahari ili kuyaona. Mahindi yakiisha kuingia ghalani, yafaa mtenge siku moja au mbili mwende mkatazame. Watoto nao msiwaache nyumbani.

Ukishika barabara ya Webuye kuelekea Kakamega, kabla ya kuingia mjini utafika Buyangu. Hapo ndipo penye lango la sehemu ya msitu iliyotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1985. Usidhani ni msitu kama ile mikaratusi tunayopanda mipakani. Ni masalio ya msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, ambao zamani ulifika mpaka huku, na katika Kenya hakuna mwingine wa namna yake uliobaki kwa ukubwa huo. Mna ndege wa aina zaidi ya 300, na juu ya miti utawaona mbega, wale kima weusi wenye manyoya marefu meupe. Ukitembea na mwongozaji utafika kwenye maporomoko ya Mto Isiukhu, ambao maji yake huingia Nzoia. Kisha panda kilima cha Buyangu. Kutoka juu utaona mahali msitu unapokoma na mashamba yanapoanza, na utaelewa mwenyewe jinsi ulivyopunguzwa.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mwaka wa 1931 bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, nzige wamekula mimea, na walowezi wengi walikuwa hawana fedha. Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliyekuwa akilima upande wa Turbo, akaiona dhahabu karibu na Kakamega. Habari zikaenea upesi. Wazungu kwa mamia waliacha majembe ya ng'ombe wakaja na karai na mahema, wakaanza kuchimbua kingo za mito.

Jambo lililofuata, kila mwenye shamba na alisikilize vizuri. Sheria ya mwaka wa 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi za Waafrika zingekuwa zao milele. Kama Serikali ingehitaji kipande, ilipasa baraza la wenyeji liulizwe, na mahali pa kipande hicho itolewe ardhi nyingine. Milele hiyo haikutimia hata miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa: sasa ardhi yenye madini iliweza kuchukuliwa kwa malipo ya fedha, bila kuliuliza baraza. Mzee aliyekuwa na mtama wake, kaburi la baba yake na zizi lake mahali pamoja alipewa shilingi. Atapanda shilingi wapi?

Kampuni ya Rosterman iliendelea kuchimba mpaka mwaka wa 1952, ikafunga. Jina lake limebaki. Ukimwuliza mwendesha bodaboda yeyote mjini akupeleke Rosterman, atapajua. Watu bado huchimba kwa mikono huko na Ikolomani. Waangalieni kwa mbali. Mashimo hayo huporomoka na yameua watu, na mtoto asiachwe kukimbia karibu nayo. (Tena mkumbuke: kwa Katiba ya 2010 madini yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma, hata kama hati ya shamba ina jina lako.)

Ukitoka mjini kwa barabara ya Kisumu, huna haja ya kuuliza lilipo Jiwe Liliako la Ilesi. Limesimama kama mita 40, na juu yake limekaa jiwe lingine kama kichwa. Maji hutiririka usoni mwake kama machozi. Wazee wana hadithi zaidi ya moja juu ya chanzo cha kilio hicho. Mkae nao wawasimulie wenyewe.

Hii ni nchi ya Waisukha, na jirani zao ni Waidakho, wote wapenzi wa mapigano ya mafahali. Mkitaka kuyaona, ulizeni siku na uwanja mapema, kwa maana hufanywa asubuhi sana, ng'ombe wakisindikizwa kwa ngoma ya isukuti. Ngoma hiyo iliandikwa na UNESCO mwaka wa 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mkulima wa maziwa atamsikitikia fahali mnene vile asiyevuta jembe, lakini atashangilia tu.

Mwisho, pale Khayega geukeni kwenda Shinyalu mpaka Isecheno, upande wa kusini wa msitu. Hapo kuna kilima cha Lirhanda, na ubavuni mwake pango lililochimbwa na watafuta dhahabu. Chukueni tochi na mwongozaji. Ndani hamna dhahabu tena. Mna popo, wananing'inia kwenye dari iliyochongwa kwa sururu. Kisha pandeni juu kabisa jua likielekea kushuka, mkae kwenye nyasi mle viazi vyenu, mkiutazama msitu wote chini na ukuta wa milima ya Nandi ng'ambo yake.