Neno la Mtaani Lina Kwao

Mpenzi msikilizaji, wazee wengi hulalamika kwamba vijana wanaiharibu lugha. Kabla ya kutoa hukumu, hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kila neno la mtaani lina kwao, na lina safari yake.

Chukua daladala. Mwaka 1983, Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi jijini Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi 5. Sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala, kwa kuifananisha na dola ya Marekani. Makondakta wakawa wanapaza sauti, "Dala! Dala!", na mabasi yakapata jina. Sarafu hiyo haitumiki tena na nauli imepanda mara nyingi, lakini neno limebaki, tena limo katika kamusi.

Bongo nalo lilitokana na ubongo: bila kutumia akili, huwezi kuishi Dar es Salaam. Baadaye likawa jina la nchi nzima, na muziki wa vijana ukaitwa Bongo Fleva. Neno la shida likageuka neno la kujivunia.

Hata hivyo, si kila safari huishia pazuri. Wamachinga ni kabila la Mkoa wa Lindi. Vijana wa kusini walipokuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa, jina la kabila likawa jina la kazi. Leo mchuuzi wa Mwanza au Arusha, ambaye hajawahi kufika Lindi, huitwa machinga. Na Mmachinga halisi akitaja kabila lake, huulizwa anauza nini.

Sasa twende Kiloleli, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Kwa Kisukuma, ngosha ni mwanamume. Ni neno lisilo na ila. Lakini kijana wa huko akishuka kwenye basi Dar es Salaam, huitwa ngosha na watu wasiomjua. Wengine husema kwa utani wa upendo, wengine humaanisha mshamba tu. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nia ya msemaji.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tusiwapige vijana marufuku, kwani lugha isiyozaa hufa. Tuwafundishe kujiuliza: neno hili limetoka wapi, na huyu ninayemwita hivi analipokeaje? Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.