Raspberry Pi

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki, ambayo sehemu zake kuu zote zimo kwenye bodi moja. Ilibuniwa mjini Cambridge, Uingereza, na Eben Upton na wenzake, baada ya kuona kwamba vijana walioomba kusomea sayansi ya kompyuta walikuwa wakipungua, na waliokuja hawakuwa na mazoea ya kuandika programu. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ghali mno kuachiwa mtoto aichokonoe. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani.

Kibodi, kipanya na skrini hununuliwa kando, ingawa televisheni yenye tundu la HDMI inatosha. Mfumo wa uendeshaji, kwa kawaida Linux, hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Mwanafunzi akiuvuruga, kadi huandikwa upya na kazi ikaendelea.

Wapenda ufundi huvutiwa zaidi na pini zake, 40 tangu mwaka 2014, ambazo huunganishwa na taa ndogo, swichi au vipimajoto. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu: pini za kupokea na kutuma ishara hutumia volti 3.3, na waya wenye volti 5 ukizigusa unaweza kuiunguza bodi, isitengenezeke tena.