Mwenye mapepe anenepe wapi?

Kuna utafiti wa mwaka 2008 ambao umekataa kunitoka kichwani. Wanaume wa Kiariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, walipimwa urefu, uzito na jeni. Waliokuwa na aina fulani ya jeni iitwayo DRD4 walionekana kulishwa vizuri na maisha kuliko wenzao, maadamu bado walihamahama na ngamia, ng'ombe na mbuzi. Wenye aina hiyo hiyo waliokwisha kupiga kambi ya kudumu walikuwa wamekonda kuliko majirani zao. Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana: mtembezi hula miguu yake, na mkaa bure si sawa na mtembea bure. Kwa Waariaal, kila moja imepata watu wake.

DRD4 huhusika na jinsi ubongo unavyopokea dopamini, kemikali ya hamu na msisimko. Ndani yake kipande cha herufi 48 hujirudia. Kwa wengi mara nne, kwa wengine mara saba, na hiyo ya mara saba ndiyo aina niliyoitaja. Hao wa saba ndio tafiti kadhaa zimewahusisha na papara, uchu wa mambo mapya na shida ya kutulia.

Dan Eisenberg, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeongoza kazi hiyo, haoni hapo ugonjwa mtupu. Kwa maoni yake, huenda kijana wa namna hii akiwa malishoni ndiye anayewakabili vyema wezi wa mifugo, ndiye anayegundua maji na chakula vilipo. Mpeleke darasani, shambani au sokoni, silika ile ile huenda ikamponza. Eisenberg haulizi jeni ni njema au mbaya; anauliza mwenye nayo anaishi wapi. Huenda ndiyo sababu mageuzi hayakuifuta.

Lakini waliopimwa ni wanaume wapatao 150 tu, na mizani haipimi tabia. Aliyenawiri malishoni alikuwa mwepesi wa kuthubutu, au mwili wake ulitumia chakula kwa namna nyingine? Tena subira ya mtu haitokani na jeni moja.

Ukame unazidi kuwasukuma wafugaji vijijini, na watoto wao madawatini. Asiyetulia huambiwa hana nidhamu. Amekosa kujizuia, au amekosa mifugo? Na kama ni mifugo, mwalimu mwenye wanafunzi hamsini amfanyeje?