Kuchuja Orodha kwa Sentensi Moja

Mwalimu mwenye orodha ya wanafunzi 600, akitaka kuwajua waliopata chini ya alama 40 katika hisabati, huipitia orodha yote jina baada ya jina. Zamani programu za kompyuta nazo ziliandikwa vivyo hivyo: anza na jina la kwanza, tazama alama, ikiwa ni chini ya 40 nakili jina, nenda kwa jina linalofuata, rudia mpaka mwisho. Kila hatua iliyoandikwa ilikuwa nafasi ya kukosea.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alipendekeza kumbukumbu zipangwe katika majedwali na zishughulikiwe kwa kanuni za seti. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyo hiyo, walieleza lugha ambayo baadaye iliitwa SQL. Katika lugha hiyo mtu hutaja anachokitaka, na kompyuta hujitafutia njia ya kukipata. Maneno yake ni ya Kiingereza. Kwa Kiswahili swali la mwalimu lingekuwa hivi:

CHAGUA jina KUTOKA wanafunzi AMBAPO alama < 40

Hii ni seti inayotajwa kwa sharti lake, kama ilivyo katika vitabu vya hisabati. Masharti mawili yakiunganishwa kwa NA, hupatikana sehemu ya pamoja ya seti mbili. Kwa AU, hupatikana muungano wake.

Hata hivyo, ufupi huu wadai uangalifu. Tuseme wanafunzi 12 walikuwa wagonjwa siku ya mtihani, na nafasi za alama zao zimeachwa wazi. Sharti «alama < 40» halitawatoa. Wala «SI alama < 40» halitawatoa. Katika SQL, alama isiyojulikana ikilinganishwa na 40, jibu si kweli wala si uongo, bali halijulikani. Na kinyume cha lisilojulikana hakijulikani vilevile. Chujio hupitisha lililo kweli peke yake. Orodha mbili zikijumlishwa, hupatikana wanafunzi 588. Kumi na wawili wameachwa nje, na kompyuta haikutoa onyo lolote.

Dawa yake ni kuuliza waziwazi: AMBAPO alama HAIJULIKANI. Kisha majibu yote matatu yajumlishwe. Yasipofika 600, kosa limo katika swali, wala si katika mashine.