Fahali wawili zizi moja: Google ilipounganisha vitengo, wafanyakazi walisemaje?

Kila kijana anayejifunza kuandika programu hapa Nairobi ana ndoto ambayo haisemi kwa sauti: siku moja apate barua pepe ya kazi kutoka Google. Mtaani tunaamini ukishaingia pale, umefika. Chakula cha bure, mshahara wa dola, na mamako anapata la kuringia kwenye chama.

Sasa hebu nikupe stori ya watu waliokuwa wameshaingia, halafu wakaamka siku moja wakaambiwa kitengo chao kimeunganishwa na cha jirani.

Ilikuwa Aprili 18, 2024. Mkurugenzi mkuu Sundar Pichai alitangaza kwamba kitengo cha vifaa, yaani wale wa simu za Pixel, saa za Fitbit na vifaa vya nyumbani vya Nest, kinawekwa pamoja na kile cha Android, Chrome na ChromeOS. Jina jipya likawa Platforms and Devices. Rick Osterloh, aliyekuwa mdosi wa vifaa, akapewa usukani wa vyote. Hiroshi Lockheimer, aliyeongoza Android kwa miaka mingi, akahamia miradi mingine.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Google ilitatua hilo kwa kumtoa fahali mmoja. Swali likabaki kwa ng'ombe wengine wote waliokuwa zizini, na hao walikuwa maelfu.

Sababu ya wakubwa

Tusiwaonee wakubwa, sababu yao ilikuwa na mantiki. Mbio za akili unde zilikuwa zimepamba moto na Google haikutaka kuachwa nyuma. Chukua mfano wa kamera ya simu. Picha nzuri haitoki kwenye kioo peke yake. Inahitaji mtu wa kifaa, mtu wa programu na mtu wa akili unde wakae meza moja. Kama kila mmoja ana mdosi wake, bajeti yake na ratiba yake, jambo la wiki mbili linakula miezi sita kwa mikutano tu.

Hata mfanyakazi wa kawaida anaweza kulipenda hilo. Nani hajachoka kungoja idhini ya ofisi tatu ndio abadilishe kitu kidogo?

Lakini kuna upande wa pili. Android haiko kwenye Pixel pekee. Tembea Luthuli Avenue uone: Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi, zote zinatumia Android. Wahandisi wa Android kazi yao ilikuwa kuhudumia kampuni hizo zote, ikiwemo zile zinazoshindana na Pixel. Ndiyo maana vitengo hivyo viwili viliwekewa ukuta kati yao. Sasa mdosi wa Pixel ndiye mdosi wa Android pia. Kampuni iliahidi haitapendelea simu yake, lakini mtu anayefanya kazi pale lazima ajiulize: nikipokea maombi mawili siku moja, moja la Samsung na moja la mdosi wangu, nitaanza na lipi?

Meza mbili, kazi moja

Hofu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya mkate. Ukiunganisha timu mbili, unapata mameneja wawili wa kazi moja. Unapata watu wawili wa bajeti na wawili wa kupanga ratiba. Kila mtu anajua hesabu hiyo inavyoisha, ila hakuna anayejua jina la nani litafutwa.

Na wafanyakazi wa Google walikuwa na kumbukumbu. Januari 2023 kampuni ilitangaza kuwapiga kalamu watu 12,000, na wengine nchini Marekani walijua tu walipokuta wamefungiwa mitambo ya kazi. Januari 2024 timu za Pixel, Nest na Fitbit zilipopangwa upya ziwe na wahandisi wa pamoja, mamia walienda nyumbani, na waanzilishi wa Fitbit, James Park na Eric Friedman, wakaondoka pia. Kwa hivyo neno "kuunganisha" lilipotajwa tena Aprili, watu hawakusikia habari ya kamera. Walisikia mlango ukifunguliwa.

Walisemaje basi? Wengi walinyamaza, kama tunavyonyamaza sote mshahara ukiwa hatarini. Lakini mapema 2025 waraka ulianza kuzunguka miongoni mwa wafanyakazi wa Google nchini Marekani na Canada, ukisukumwa na chama chao, Alphabet Workers Union, kilichoanzishwa 2021. Zaidi ya watu 1,000 walitia saini.

Ukisoma madai yao unashangaa jinsi yalivyokuwa ya kawaida. Hawakusema vitengo visiunganishwe wala watu wasipunguzwe kabisa. Walisema: kabla ya kumfukuza mtu kwa lazima, kwanza waulize walio tayari kuondoka kwa hiari wapewe malipo yao. Anayefutwa ahakikishiwe kiinua mgongo. Na alama za utendaji kazi zisigeuzwe kisingizio cha kuwatoa watu.

Kilichowauma zaidi ni kwamba kampuni haikuwa na njaa. Kampuni mama, Alphabet, ilipata faida ya takriban dola bilioni 100 mwaka wa 2024. Kupigwa kalamu na kampuni inayofilisika kunaeleweka. Hii ya kuondolewa mezani huku sinia likiwa limejaa ni ngumu kumeza.

Nusu mkate

Mwisho wa Januari 2025 Osterloh aliwaandikia wafanyakazi wa kitengo hicho kipya walio Marekani: anayetaka kuondoka kwa hiari ajitokeze, atalipwa. Lile dai la kwanza likawa limejibiwa, angalau kwa kitengo kimoja. Lakini hiari haikumaliza mambo. Aprili 2025, mwaka mmoja tangu vitengo viunganishwe, mamia ya watu wa Android, Pixel na Chrome walifutwa kazi. Kampuni ilieleza kwamba tangu timu ziwe moja, imekuwa ikijaribu kufanya kazi kwa wepesi zaidi.

Kwa hivyo waliotia saini walishinda au walishindwa? Mimi naona walipata nusu mkate. Aliyekuwa amechoka alipata nafasi ya kutoka akiwa na heshima yake na pesa mfukoni. Aliyetaka kubaki hakupata uhakika wowote.

Na wewe je?

Usidhani hii ni stori ya California pekee. Benki zinaungana hapa, kampuni za mikopo ya simu zinanunuana, na ofisi zinapangwa upya kila mwaka wa fedha. Tofauti ni kwamba sisi tuna kitu ambacho vijana wengi hawajawahi kukisoma: kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007.

Kinasema mwajiri hawezi kuamka tu akasema nafasi yako haipo tena. Lazima akupe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, wewe au chama chako, na afisa wa leba ajulishwe. Lazima aangalie muda uliohudumu, ujuzi, uwezo na uaminifu wako anapochagua nani aondoke. Siku zako za likizo ambazo hukuchukua alipe kwa pesa. Juu ya hayo, kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Ukilipwa Sh60,000 kwa mwezi na umemaliza miaka minne, hiyo ni takriban Sh120,000.

Shida ni kwamba wengi wetu tuko kwa kandarasi za miezi mitatu mitatu, na tunatia saini bila kusoma ukurasa wa pili. Huko ndiko haki hizi hupotelea.

Ndoto ya Google endelea nayo, sikukatazi. Ila siku mdosi wako atakapoita mkutano na kusema "tunaunganisha timu," usiulize tu utakaa meza gani. Uliza ni nafasi ngapi zinabaki, nani anachagua, na kwa kigezo gani. Omba jibu lije kwa maandishi. Na kama mko kumi wenye swali hilo hilo, ulizeni pamoja.