Je, Wajua? Ukurasa Umefungwa, Bili Inatembea

Je, wajua kwamba ukichoka kusubiri na kufunga ukurasa, kazi uliyoiagiza upande wa pili huenda isipate habari? Katika AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha programu iliyotangazwa mwaka 2014, funksheni (kipande cha programu) huendelea mpaka imalize au ifikie ukomo wake wa muda. Usipogusa kitu, ukomo huo ni sekunde 3. Ukitaka, unaupandisha hadi dakika 15. Malipo huhesabiwa kwa milisekunde, awepo mteja asiwepo.

Je, wajua kwamba HTTP/1.1, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, haina namna ya kusema “basi, acha”? Mteja hukata muunganisho tu. Seva ya nginx huandika 499 kwenye kumbukumbu zake, namba ambayo haimo katika orodha rasmi ya majibu ya HTTP.

HTTP/2, toleo lililofuata, la mwaka 2015, iliruhusu kufuta ombi moja bila kuyakata mengine yanayopita njia hiyo hiyo. Wahalifu wakaona mwanya. Ombi lililofutwa halikuhesabiwa tena katika kikomo cha maombi ya pamoja, kwa hiyo walituma na kufuta papo hapo, bila kupumua. Mwaka 2023 Google ilipima shambulio la aina hiyo, Rapid Reset, lililofika maombi milioni 398 kwa sekunde. Kufuta kulikuwa bure kwa mfutaji. Jasho lilikuwa la seva.

Je, wajua kwamba katika JavaScript ishara ya AbortController, chombo cha kusitisha kazi, haijisambazi? Mwandishi wa programu lazima aikabidhi kwa kila fetch (ombi la mtandao) anayotaka isimame. Wengi huisahau, na hapo ndipo pesa huvujia.

Lakini si kila kazi isimamishwe. Kutafuta picha, kata. Kutoza kadi, iache imalize: ukiikata katikati hutajua kama pesa imetoka. Ndiyo maana Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, hupokea ufunguo wa pekee kwa kila ombi; likirudiwa kwa ufunguo ule ule, mteja hatozwi mara mbili.

Na kwa wanaounganisha programu zao na M-Pesa ya Kenya: mteja akighairi kuweka PIN, Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hurudisha namba 1032. Simu yake isipopatikana, 1037. Angalau hapo unaambiwa nani amekataa na nani hayupo hewani.