Sungura si mbuzi: Mhoji daktari kabla hajashika kisu

Umefuga sungura wawili nyuma ya nyumba pale Ikutha, dume na jike. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile anayozaa. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka hautaisha kabla hujaanza kuwagawia majirani vitoto.

Dawa yake ni kumhasi dume. Shida ni moja: nani atamhasi?

Mtaalamu wa mifugo aliye karibu nawe huenda ni moto kwa mbuzi, ng'ombe na kuku, maana ndio anaoitiwa kila siku. Lakini sungura lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, na mwili wake mdogo hauvumilii kosa la kipimo. Kwa hivyo usione haya kumhoji daktari.

Kwanza, amesajiliwa? Sheria ya 2011 inamtaka awe na usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Muuza dawa wa agrovet si daktari wa upasuaji, hata akikufanyia bei poa.

Pili, ameshahasi sungura wangapi, na wangapi waliamka salama?

Tatu, swali la mtego: "Nimnyime chakula usiku wa kuamkia upasuaji?" Akijibu ndiyo, mshukuru uende zako. Mbwa hunyimwa chakula asije akatapika akiwa usingizini. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu huweza kuacha kufanya kazi. Hapo ndipo wengi hufia.

Ukikosa wa kumwamini mashinani, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo huko Kabete. Piga simu kwanza, kisha ondoka alfajiri kupitia Kibwezi. Joto la mchana barabarani linaweza kumuua kabla hajafika.

Akirudi, mtandikie gazeti safi, si vumbi la mbao linaloganda kwenye kidonda. Mpe nyasi na maji. Akipitisha saa 12 bila kula, mpigie daktari mara moja. Na usimrudishe kwa jike kabla ya wiki sita, kwani mbegu zilizobaki bado zinaweza kutunga mimba.

Kama pesa au daktari bado hajapatikana, watenganishe. Kizimba cha pili ni mbao, misumari na waya tu, na hakuna anayekufa.